Maswali ya wasomaji: "Mwalimu, nitawaaminije hawa watu?"

Mwezi uliopita niliuliza hapa swali moja tu, ni ofisi gani ya serikali hapa Kenya ambayo bado unaiamini, nikadhani nitapata barua kumi hivi. Zimekuja nyingi mpaka mhariri akanipigia simu. Na karibu zote hazijibu, zinauliza. Nimechukua tano, zingine zinafanana na hizi kwa hivyo ukijiona ndani ya jibu la mwenzako ujue ni lako pia. Majina sijaweka.

BARUA YA UGENYA, SIAYA

"Mwalimu salamu. Mimi ni mtu mzima wa miaka 66, nimepiga kura tangu enzi ya mlolongo 1988, tukipanga foleni nyuma ya mgombea. Kura ya 2007 niliiona ikienda na macho yangu. Ya 2013 tukaambiwa twende kortini, tukaenda, tukarudi hivyo hivyo. Ya 2017 korti yenyewe ikasema kweli mambo hayakuwa sawa. Halafu 2022 makamishna wanne kati ya saba wakasimama pale hoteli ya Serena wakasema hesabu ya asilimia imezidi mia, ni 100.01. Sasa wewe uliandika hapa ati uchaguzi wa 2022 ulikuwa na afadhali. Afadhali kwa nani? Na hii tume mpya niiamini kwa sababu gani?"

Mzee wangu, pole, na sio pole ya mdomo. Mtu akikuambia unalalamika tu juu umeshindwa, huyo hajui ulikotoka. 2007 mwenyekiti wa tume mwenyewe, marehemu Kivuitu, alitangaza mshindi na baada ya siku chache akawaambia waandishi kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Mwenye kutangaza hajui! Tume ya jaji Kriegler ilipochunguza 2008 ikasema kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani tena kujua nani alishinda. Na wakati huo watu 1,133 walikuwa wameshakufa kwa hesabu ya tume ya Waki, na wengine malaki wako kwenye mahema. Kisha 2017, siku chache tu kabla ya kura, Chris Msando aliyekuwa anasimamia mambo ya teknolojia ya tume akauawa, na mpaka leo hakuna aliyefungwa kwa kifo chake. Mahakama ya juu ikaamuru tume ifungue sava, tume ikazungusha mpaka majaji wanne kati ya sita wakafuta uchaguzi tarehe 1 Septemba. Mtu aliyepitia hayo yote akikosa imani, hana ugonjwa, ana kumbukumbu.

Sasa nikuombe uchukue kalamu tuingie kwa hii 100.01, manake hapa ndipo nakuomba unisikilize kama vile mimi nimekusikiliza.

Matokeo ya 2022 yalikuwa hivi. Ruto 7,176,141. Raila, Mungu amlaze pema, 6,942,930. Wajackoyah 61,969. Mwaure 31,987. Jumlisha, utapata 14,213,027. Ukigawanya kila mmoja kwa hio jumla unapata Ruto 50.49, Raila 48.85, Wajackoyah 0.44, Mwaure 0.23, na ukijumlisha hizo nne ni kweli unapata 100.01. Lakini angalia ya Mwaure, sio 0.23 kamili, ni 0.225 na kitu kidogo, ikapandishwa. Ya Wajackoyah ni 0.436, nayo ikapandishwa. Ni vile mama mboga akikuuzia vitu vinne vya shilingi 9 na senti 60 atakuambia kumi, kumi, kumi, kumi, halafu jumla inaonekana imezidi. Hakuna nyanya imeongezeka kwa kikapu. Wale makamishna wanne walisema hio 0.01 ni kama kura 142,000. Piga hesabu mwenyewe: asilimia 0.01 ya milioni 14.2 ni kura 1,421. Hio 142,000 ni asilimia 1 nzima. Na hata hizo 1,421 hazipo popote, ni desimali tu zilikatwa.

Nasema hivi na najua itauma, juu Ruto alipita nusu kwa kura kama elfu sabini hivi, kwa hivyo ukiambiwa kuna 142,000 za hewa lazima moyo uchomeke. Lakini hesabu ni hesabu. Na nikuambie kosa kubwa liko wapi kwa maoni yangu: watu waliokula kiapo kulinda hesabu ya nchi walisimama mbele ya kamera wakatoa namba ambayo mtoto wa darasa la saba angeikosoa, na upande wa pili wa tume nao walikuwa wamefunga mlango kiasi kwamba wenzao wanasema hawakujua kinachoendelea humo ndani. Wote wawili walituumiza. Tume ikigawanyika mbele ya watu, hata jibu sahihi linanuka.

Afadhali niliyosema ni hii. Mimi nimestaafu ualimu lakini 2022 nilisimamia kituo kimoja hapa Nakuru, darasa la nne, madawati tumeyasukuma ukutani. Kura za rais tulianza kuhesabu saa kumi na mbili na nusu jioni. Unafungua sanduku, unachukua karatasi moja, unaiinua juu kila ajenti aione, unataja jina, unaiweka kwa rundo lake. Kuna moja alama ilikuwa imeangukia kati ya visanduku viwili, katikati kabisa kama ameipimia na rula, tukabishana juu yake karibu dakika ishirini, ajenti wa UDA, chama cha Ruto, na ajenti wa Azimio, muungano wa Raila, wote wamesimama, mwishowe wakakubaliana wenyewe kwamba imeharibika. Saa nne usiku wino ukaisha, tukabaki na kalamu moja ya huyo mama ajenti wa Azimio, na ni hio moja ilizunguka kwa mikono yote kuweka sahihi fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo. Tukaipiga picha na ile mashine, ikaenda. Nyingine nikaibandika mlangoni na selotepu. Kulikuwa na kijana mmoja amesubiri nje kwa baridi na tochi ya simu, akanakili namba zote kwa daftari, kisha akaniuliza nisome tena kura zilizoharibika hakuona vizuri. Nikamsomea.

Hivyo ndivyo ilifanyika katika vituo 46,229. Mahakama ya rufani ilikuwa imeshasema 2017, kwa kesi ya mwanaharakati Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho, hakuna mtu wa Nairobi wa kuyabadilisha. Na 2022 zile picha za fomu zikawekwa wazi kwa mtandao, mtu yeyote mwenye bando akaweza kujumlisha. Vyombo vya habari vilijumlisha. Kambi zote mbili zilijumlisha. Mahakama ya juu ilipofungua masanduku ya vituo kadhaa ikalinganisha karatasi na picha, haikuona tofauti ya maana.

Kwa hivyo Mzee, sikuambii uamini tume mpya. Mwenyekiti wake Bwana Ethekon na wenzake waliapishwa Julai 2025, hata mimi siwajui tabia. Nakuambia uwadai ile fomu. Wakisema 2027 picha hazitawekwa wazi mara moja, au zitawekwa nusu nusu, hapo nitaandika hapa hapa kwa herufi kubwa na nitakuwa upande wako. Lakini kama fomu ya kituo chako cha Ugenya iko mlangoni na iko kwa mtandao na zinafanana, basi kura yako ilihesabiwa, hata kama aliyeshinda sio wako.

Na kitu kimoja cha mwisho, hiki nasema kwa wasomaji wote. 2017 kambi moja ilimuimba jaji mkuu Maraga kama nabii na rais wa wakati huo akaenda soko la Burma akawaita majaji wakora. Miaka mitano baadaye, korti ile ile, sasa chini ya jaji mkuu Koome, ikaamua kinyume, na wimbo ukabadilisha waimbaji, waliokuwa wanatukana wakawa wanasifu na waliokuwa wanasifu wakatukana. Jengo ni lile lile. Tumezoea kuipima korti kwa jina la aliyeshinda, na hakuna korti duniani itapita mtihani kama huo.

BARUA YA MOLO

"Mwalimu, mimi ni Mkikuyu nimeolewa kwa Wakalenjin miaka 21. 2008 tulilala msituni siku tatu na mtoto wa miezi minne, nyumba ya baba yangu ilichomwa, na waliochoma wengine tunawajua. 2013 wakubwa wakakuwa marafiki na sisi tukarudi kuwa marafiki. Sasa tangu naibu wa rais Gachagua atolewe Oktoba 2024 imekuwa shida tena. Grupu ya familia ya WhatsApp shemeji yangu anaweka vitu vya kututusi, kaka yangu anajibu, mavyaa yangu aliacha kupokea simu zangu. Msichana wetu anachukuliwa posa Desemba na sijui kama hizi pande mbili zitakaa meza moja. Mume wangu ananyamaza tu. Nifanyeje?"

Dada yangu, barua yako niliisoma mara tatu, na hio ya msituni na mtoto wa miezi minne nimekaa nayo wiki nzima.

Wacha nikukumbushe tarehe chache ambazo ningependa shemeji yako na kaka yako wote wazione. 28 Februari 2008, Kibaki na Raila wanaweka sahihi mbele ya Kofi Annan, wanakuwa serikali moja. 2013, Uhuru na Ruto ambao watu wao walikuwa wanakatana mapanga huko kwenu, wanakuwa rais na naibu. 9 Machi 2018, Uhuru na Raila wanashikana mikono nje ya Harambee House. Kati ya 2024 na 2025, Ruto na Raila ambao tulikuwa tunarushiana mawe kwa ajili yao, watu wao wanakaa baraza moja la mawaziri, na Machi 2025 wanaweka sahihi mkataba. Kila mara walipatana. Kila mara! Na hakuna hata siku moja walimtuma mtu Molo kuja kuwapatanisha wewe na mavyaa yako. Hio kazi waliwaachia.

Sasa usiende kuwaambia haya kwa grupu. Kwa grupu kila mtu anaandika akijua wengine 40 wanasoma, hakuna anayeweza kurudi nyuma. Mimi ningefanya hivi. Ningemwambia mume wangu, Baba Fulani, huu ni mdomo wako unahitajika sio wangu. Yeye ndiye mtoto wa hapo. Aende kwa mamake asubuhi, aende mwenyewe bila simu, akae jikoni. Na wewe uende siku ya pili na kile kitu huwa unampelekea. Usianze na siasa wala msamaha. Anza na mjukuu wake anaolewa.

Halafu kuna jambo moja uliandika nyuma ya karatasi kama vile sio muhimu, kwamba mlinunua mbolea ya ruzuku 2024 ikawa mchanga mtupu, na kwamba shemeji yako naye alinunua hio hio. Hilo ndilo ningeweka mezani. Mbolea feki ya mwaka ule haikuuliza mtu ni Mkikuyu au Mkalenjin, serikali yenyewe ilikubali kuna magunia hayakufikia kiwango na ikaahidi fidia. Mlilipwa? Yeye alilipwa? Shemeji yako anampigania mkubwa kwa simu usiku kucha na shamba lake lilitoa magunia nusu ya kawaida, kama lenu. Siku mtakapoandika barua moja ya kudai hio fidia, wewe umeweka sahihi na yeye ameweka sahihi chini yako, nadhani mtakuwa mmeanza kuongea. Kama haitatoka hata shilingi, sawa, lakini mtakuwa mmekaa pamoja na kalamu.

Hio ya waliochoma nyumba ya baba yako na mnawajua, siwezi kukujibu kwa gazeti. Kesi zilizoenda The Hague ziliisha bila mtu kupatikana na hatia, na hapa nyumbani waliohukumiwa ni wa kuhesabu na vidole. Najua mnapishana nao sokoni. Ukikataa kuwasalimia sitakulaumu, na asikulaumu mtu.

BARUA YA LIKONI

"Shikamoo Mwalimu. Mimi nauliza kitu kidogo. Mtoto wangu yuko kidato cha pili, niliomba basari mara tatu, kila mara naambiwa majina yameshaenda. Jirani ambaye ana gari mbili mtoto wake alipata. Nikaenda ofisi moja nikaomba kuona orodha ya waliopata, yule kijana wa pale dirishani akaniambia hio ni siri ya serikali. Ni kweli ni siri?"

Marahaba mama. Sio siri. Ni pesa yako, na majina ya waliopewa unaweza kuyaomba kwa maandishi.

Kifungu cha 35 cha katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya 2016 inayosema utaratibu. Sikiza vizuri. Unaandika barua, na sheria inasema wazi unaweza kuandika kwa Kiswahili, kwa hivyo asikuambie mtu utafute wa kukuandikia Kizungu. Kama hujui kuandika, ofisa wa pale analazimika kukusaidia. Kutuma ombi ni bure, watakachoweza kukulipisha ni gharama ya nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile watu wanaita Ombudsman, ndani ya siku 30.

Andika hivi, usirembe: "Naomba orodha ya wanafunzi waliopewa basari mwaka fulani katika wadi fulani, kiasi alichopata kila mmoja, na vigezo vilivyotumika." Weka tarehe. Toa nakala mbili. Peleka mwenyewe, na hii ndiyo sehemu ya maana: mwambie apige muhuri kwa nakala yako. Akikataa kupiga muhuri usigombane naye, itume kwa rejista ya posta uhifadhi risiti. Bila muhuri ama risiti watasema hawakuwahi kuona barua yako.

Inawezekana wakakujibu kwamba majina ya watoto ni habari za kibinafsi. Kuna ulinzi wa aina hio kweli, lakini basi wakupe idadi, viasi, shule na vigezo. Na usiende peke yako. Nenda na wamama wawili watatu wenye watoto shule hio hio, kila mmoja na barua yake. Ule unyonge wa kuambiwa "ni siri" unatoka hapo, kwamba yule wa dirishani anajua uko peke yako na una haraka ya feri.

Ukipata jibu niandikie tafadhali. Ukikosa pia.

BARUA AMBAYO HAIKUTAJA MJI

"Mume wangu ni polisi, cheo cha chini, miaka 11. Juni 2024 alikuwa Nairobi. Hajawahi kuniambia alifanya nini siku ile na sijamuuliza. Lakini mtoto wetu wa darasa la sita aliambiwa shuleni babako ni muuaji, na kanisani tukikaa benchi watu wanasonga. Tunaishi kwa nyumba ya mabati kambini, tunagawana chumba na pazia na familia nyingine. Naona mkitulaumu sote. Je, kuna polisi mzuri kwenu ama sisi sote tumeoza?"

Mama, asante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi. Mtoto wa darasa la sita hana kosa lolote na mwalimu aliyesikia hayo maneno akanyamaza alikosea kazi yake. Nenda kwa mwalimu mkuu. Hilo kwanza.

Sasa yale mengine nitakujibu wazi manake umeuliza wazi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walitoka kupinga mswada wa fedha, wengine mikono juu, wengine wamebeba bendera na chupa ya maji. Wakaingia bungeni, ndiyo, na sehemu ikachomwa. Na risasi zikatumika. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo 60 kwa maandamano ya mwaka ule, na wengine walichukuliwa na watu wasiovaa sare, kwa magari ambayo namba zake hazikusomeka, wakapotea wiki nzima, na kuna ambao hawajarudi. Kila mmoja ana mama. Siwezi kupunguza hilo ili nikufariji.

Lakini angalia jinsi imani ya polisi ilivyomalizika. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akaletwa Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ikasema alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari wakapasua mwili wakaona majeraha ya kichwa na shingo iliyobanwa, wakasema sio ya mtu kujigonga. Mkubwa wa polisi akaomba msamaha mbele ya bunge. Sasa mtu wa kawaida anajiuliza, kama madaktari wasingekubali kusema, tungeambiwa nini? Na ile taarifa ya mwaka juzi, na ya mwaka ule mwingine, je? Uongo mmoja wa ofisi unarudi nyuma unachafua hata taarifa zilizokuwa za kweli. Hapo ndipo mume wako anabebeshwa mzigo ambao pengine sio wake.

Ndiyo maana naona kitambulisho kifuani ni ulinzi wa mume wako kuliko hata kwa muandamanaji. Agosti 2024 mahakama kuu iliamuru polisi wanaokwenda kwa maandamano wavae sare na wasifiche nyuso. Askari akiwa na jina na namba, aliyefyatua atajulikana na ambaye hakufyatua pia atajulikana. Wakijificha wote, wote wanakuwa yule mmoja. Kama mume wako hakufanya ubaya siku ile, jina lake kifuani ndilo lingemsafisha.

Na hizo nyumba za mabati na pazia katikati, hizo ni aibu yetu sote, ripoti zimeandikwa kuzihusu moja baada ya nyingine, ya Ransley, ya Maraga, na bado uko nyuma ya pazia. Anayemtuma mume wako barabarani halali kwa mabati.

Umeuliza kama kuna polisi mzuri. Wakati nimestaafu nilivunjikiwa na gari usiku njia ya Mau Summit, mvua, na konstebo wawili walikaa na mimi na mke wangu mpaka saa tisa, mmoja akampa mke wangu koti lake. Koti lilikuwa limeraruka kwapani na limeshonwa na uzi wa rangi nyingine. Sikuwahi kujua majina yao. Nilitaka kuyajua.

Kuhusu mume wako na siku ile: siku moja muulize. Asipojibu usimlazimishe, lakini ajue mlango uko wazi, na kwamba IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia mienendo ya polisi, inapokea hata askari anayetaka kusema alichokiona, sio raia peke yake.

BARUA YA KAYOLE

"Mwalimu niko na miaka 22, nimemaliza diploma sina kazi. 2024 tulitoka tukapigwa, mswada ukatolewa siku ya pili, halafu kodi zingine zikarudi kwa mlango wa nyuma. Saa hii watu wanatuambia ati tujiandikishe kupiga kura. Kwa hio hio tume? Nijiandikishe ama niwache?"

Jiandikishe mwanangu.

Nilitaka kuacha jibu hapo lakini sio haki, umeuliza kwa uchungu. Mlichofanya 2024 hakuna chama cha upinzani kimewahi kufanya, mswada uliokuwa umepitishwa na bunge rais akakataa kuuwekea sahihi, tarehe 26, siku moja baadaye. Mlifanya hivyo bila mkubwa, bila kabila, na mimi niliyefundisha historia miaka 30 sikuwahi kuona. Na ni kweli vipande vya ule mswada vilirudi baadaye kwa sheria zingine, umeona vizuri, na waliovipitisha ni wabunge. Wabunge wale wale! Maandamano yalimbana mtu mmoja kwa siku moja. Wabunge 290 wa maeneo bunge wanabanwa kwa karatasi tu.

Kuhusu tume, nitakupa mfano wa nini hutokea ikikosekana. Mwenyekiti wa zamani Chebukati na wenzake walitoka Januari 2023 na nchi ikakaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna, wanasiasa wakivutana. Mbunge wa Banissa kule Mandera alifariki Machi 2023, na watu wake wakakaa bila mbunge mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili na nusu mtu akitaka kuuliza kisima ama barabara hana wa kumpigia kelele. Tume mbaya tunaipeleka kortini. Isiyokuwepo utaipeleka wapi?

Na tena, nimeona vijana wakisema wasipopiga kura wataonyesha hasira yao. Marudio ya Oktoba 2017 nusu ya nchi iligomea, waliopiga kura hawakufika hata asilimia 40, na mshindi aliapishwa vile vile na akatawala miaka mitano. Hakuna aliyehesabu hasira.

Uandikishaji ulifunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2025, ni ofisi ya tume ya eneo bunge lako, unabeba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Na kwa vile una diploma na huna kazi, tume huajiri makarani kila uchaguzi, tangazo likitoka omba siku hio hio. Ukikosa, omba chama chochote kiwe hata cha mtu usiyempenda wakufanye ajenti wa kituo, ukae ndani ya chumba uone kila karatasi ikiinuliwa. Beba sweta, bebea wenzako chai, na ubebe kalamu mbili, manake ya kituoni huisha wino kabla hamjafika kwa wabunge.